Kutoka Mafiga hadi Mtungi: Historia ya Jiko Afrika Mashariki

Mafiga ni mawe matatu yanayopangwa chini kwa kuelekeana, moto ukikokwa katikati na chungu kuinjikwa juu. Hili ndilo jiko kongwe kuliko yote Afrika Mashariki, na hadi leo ndilo linalopikia nyumba nyingi za vijijini. Kudumu kwake kuna sababu. Mawe hayanunuliwi. Husogezwa yakapokea chungu kikubwa cha sherehe au kidogo cha mboga. Kuni za urefu wowote hutumika, kwa kuwa ncha ndiyo inayoungua na mpishi husukuma kilichobaki kadiri moto unavyokula. Akitaka moto mkali huchochea. Akitaka wali ukauke polepole huvuta kuni nje na kuacha makaa. Mawe mazito yaliyokaa vizuri hayatikisiki hata ugali ukisongwa kwa nguvu. Pwani huitwa pia mafya, na methali isemayo jifya moja haliinjiki chungu inajulikana hata na mtoto wa mjini ambaye hajawahi kupikia kuni. Tanzania, Chama cha Mapinduzi kiliichukua picha hiyo katika kampeni zake, kikiwaomba wapiga kura wakamilishe “mafiga matatu” kwa kumchagua rais, mbunge na diwani wa chama kimoja.

Udhaifu wa mafiga ni upotevu wa joto. Moto ulio wazi hupeperushwa na upepo, na kwa makadirio ya kawaida ni asilimia 10 hadi 15 tu ya nishati ya kuni inayoingia chunguni. Hata hivyo joto na moshi vilivyobaki vilikuwa na kazi katika nyumba ya zamani. Nyanda za juu, moto wa jikoni ulipasha nyumba nzima usiku na kutoa mwanga. Juu ya mafiga palijengwa uchaga wa kuwekea mahindi ya mbegu, nyama au samaki, na moshi ukawafukuza wadudu waharibifu. Moshi huohuo ulikausha paa la nyasi au makuti na kulikinga dhidi ya mchwa. Aliyelipa gharama yake ni mpishi, kwa macho na mapafu, na aghalabu huyo alikuwa mwanamke akiwa na mtoto mgongoni.

Vyungu, mofa na seredani

Pwani ina ushahidi wa zamani wa upishi. Wanaakiolojia waliochimba Shanga, katika visiwa vya Lamu, na miji mingine ya kale ya Waswahili wamekuta vigae vingi vya vyungu vya kupikia vilivyofinyangwa papo hapo, katika matabaka ya kuanzia karne ya 8. Mabaki ya nafaka yaliyochimbuliwa Pemba yanaonyesha kwamba wakazi wa mwanzo walitegemea zaidi uwele na mtama, na kwamba mchele ulishika nafasi ya mbele baadaye, kuanzia karne ya 11 hivi, miji ya mawe ilipokuwa ikistawi. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja aliyepita pwani hii mwaka 1331, alieleza chakula alichokaribishwa Mogadishu: wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika sahani kubwa ya mti, ukiwa na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za limau, tangawizi na maembe. Chakula cha namna hiyo kilihitaji vyungu kadhaa motoni kwa wakati mmoja, na mpishi aliyejua kuupima moto wa kila kimoja.

Katika nyumba ya Kiswahili jiko liliwekwa uani, mbali na ukumbi wa wageni. Mafya yalitumika kwa vyungu vikubwa, lakini mafundi wa udongo walitengeneza vifaa vingine pia. Mofa, tanuri la udongo, lilichomwa moto hadi kuta zake zikashika joto kali, kisha vikabandikwa vinyunya vya unga wa mtama. Hiyo ndiyo asili ya mkate wa mofa. Seredani, jiko dogo la kuwekea makaa, lilifaa kwa kazi ya moto mdogo. Chetezo kilibeba makaa machache ya kufukizia ubani na udi. Ujuzi wa makaa ulifikia kilele katika kupalia: wali au pilau ukikaribia kuiva, makaa huwekwa juu ya kifuniko ili joto litoke juu na chini kwa pamoja. Mkate wa kumimina huiva vivyo hivyo. Mapishi hayo yanaeleza kwa nini nyumba nyingi za Mombasa, Unguja na Bagamoyo hazikuliacha kaa la moto hata baada ya gesi kufika.

Nishati ya pwani ilitoka mashambani na mikokoni. Nazi ikishakunwa, kifuu kilitupwa motoni, na makumbi na makuti makavu yakatumika kuwashia. Miti ya mikoko ilitoa kuni ngumu zenye joto kali, ingawa boriti zake nzuri zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba, ambako zilihitajika kwa ujenzi. Kwa karne nyingi kuni zilikuwa kitu cha kuokota. Zilianza kuwa bidhaa miji ilipokua kuliko vichaka vilivyoizunguka.

Reli na jiko la bati

Mageuzi makubwa yalikuja na reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901 kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jiko la mkaa la chuma lilienea bara kupitia kwao, kwa kuwa walizoea kupikia makaa katika chombo kidogo kinachobebeka. Mafundi wa Kiafrika waliochukua kazi ya bati mikononi mwa mafundi wa Kihindi ndio waliolifanya kuwa chombo cha kila nyumba.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Wafanyakazi wake, wengi wao wanaume walioacha familia vijijini, waliishi katika vyumba vya kubanana. Chumba kimoja kilikuwa cha kulala, kupikia na kupokea wageni. Hapo mafiga hayakuwa na nafasi, na moshi wa kuni haukuvumilika. Hali ilikuwa hiyohiyo Mombasa, Dar es Salaam, Kampala na Kisumu. Mkaa ulifaa maisha hayo. Hautoi moshi mwingi ukishashika moto, hauozi, hauliwi na mchwa, na uzito wake ni mdogo ukilinganishwa na joto lake: kilo moja ya mkaa hubeba nishati karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni kavu. Kwa sababu hiyo uliweza kusafirishwa kutoka mbali na bado ukamletea mchuuzi faida.

Jiko la bati lenyewe lilikuwa rahisi. Fundi alikata pipa la mafuta au mabati chakavu, akakunja duara la ukuta, akaweka wavu wa kushikilia makaa katikati, mlango mdogo wa kupitishia hewa na kutolea majivu chini, na vishikio vitatu vya kuegemeza sufuria juu. Idadi ya vishikio haikuwa ya bahati; chombo chenye nukta tatu za kuegemea hakiyumbi, kama wapishi wa mafiga walivyojua tangu zamani. Kwa nyundo, patasi na koleo, fundi mmoja aliweza kutengeneza majiko kadhaa kwa siku. Maeneo kama Shauri Moyo na Kamukunji jijini Nairobi, na Gerezani jijini Dar es Salaam, yalipata sifa kwa mlio wa nyundo za mafundi bati. Kazi hizo za chini ya jua ndizo baadaye nchini Kenya zilizoitwa jua kali.

Mbali na mji kulikuwa na sura nyingine ya biashara hiyo. Mchoma mkaa hukata miti, hupanga magogo, huyafunika kwa nyasi na udongo, kisha hulitia moto tanuri hilo na kulilinda kwa siku kadhaa ili hewa isiingie kwa wingi na kuyageuza magogo majivu. Kwa tanuri la udongo la kienyeji, huhitajika kilo 8 hadi 10 za miti ili kupata kilo moja ya mkaa. Miti migumu ya nyika, jamii ya migunga na ya misitu ya miombo, ndiyo inayopendwa kwa kuwa mkaa wake hukaa motoni muda mrefu. Mkaa hufungwa katika magunia, hupakiwa kwenye baiskeli, pikipiki au lori, na hushushwa mjini kwa dalali au mwenye kibanda.

Mjini gunia hufunguliwa na mkaa hupimwa kwa debe, kwa kopo au kwa kisado. Debe lilikuwa kwanza bati la kubebea mafuta ya taa. Likishakwisha mafuta likawa kipimo cha nafaka na mkaa, na likichakaa fundi akalikata kutengeneza jiko au kibatari. Mauzo ya kopo ndiyo siri ya mkaa mjini. Anayenunua kwa kopo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia, lakini kibarua anayelipwa kwa siku hana fedha za gunia. Mkaa ulikubali kugawanywa sawasawa na kipato chake, na hakuna nishati nyingine iliyoweza kufanya hivyo kwa urahisi kama huo, isipokuwa mafuta ya taa.

Stovu na mafuta ya taa

Mwaka 1892, huko Stockholm, Frans Wilhelm Lindqvist alitengeneza jiko la mafuta ya taa lisilo na utambi. Mafuta yaliwekwa katika tangi la shaba, mpishi akapampu hewa, na mafuta yakapanda kichwani kama mvuke na kuungua kwa mwali wa buluu usio na masizi. Jiko hilo lilipewa jina la Primus na likauzwa duniani kote. Afrika Mashariki liliingia kwanza katika nyumba za maofisa, walimu, wafanyabiashara na makarani, pamoja na kambi za wasafiri. Lilihitaji ustadi: tundu likiziba lilizibuliwa kwa sindano nyembamba, na aliyepampu kupita kiasi aliweza kulipuliwa na mwali.

Walio wengi walilijua zaidi jiko la tambi, lililokuja baadaye kwa bei nafuu. Tambi kadhaa za pamba hufyonza mafuta kutoka tangi la chini na kuwaka ndani ya kikombe cha bati. Kenya wengi waliliita stovu. Tanzania, la aina moja lililoenea sana likaitwa jiko la Mchina. Wanafunzi wa bweni, makapera na wapangaji wa chumba kimoja walilitegemea kwa chai na mayai. Mafuta yaliuzwa dukani kwa chupa au kwa kipimo cha robo lita, na yaleyale yalitumika kwenye kandili na kibatari.

Stovu lilikuwa na adui mmoja, ambaye ni bei ya mafuta duniani. Mgogoro wa mafuta ulioanza Oktoba 1973 uliipandisha bei ya pipa karibu mara nne katika miezi michache, na nchi zilizoagiza mafuta yote kutoka nje zikaumia. Nyumba nyingi zilirudi kwenye mkaa. Pigo la aina hiyo lilijirudia baadaye kwa njia ya kodi. Katika bajeti ya mwaka 2011/12, Tanzania ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji, yaani kuyachanganya na dizeli. Kenya ilifuata Septemba 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita, kwa sababu hiyohiyo. Sheria hizo ziliwalenga wauza mafuta wadanganyifu, lakini zilibadilisha pia kilichowaka jikoni, kwa kuwa mafuta ya taa yalipoteza unafuu uliokuwa sifa yake kuu.

Mgogoro wa kuni na jiko la udongo

Miaka ya 1970 ilileta hofu ya pili. Mwaka 1975 mtafiti Erik Eckholm alichapisha andiko akionya kwamba kwa theluthi moja ya watu duniani mgogoro halisi wa nishati ulikuwa kupungua kwa kuni. Nchini Kenya, wanawake wa vijijini walikuwa wakilalamika kwamba kuni zimekwenda mbali na maji yamepungua. Wangari Maathai aliyasikia malalamiko hayo kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake, na mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti iliyokuja kuwa Green Belt Movement. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba upotevu mkubwa wa misitu ulitokana na kufungua mashamba, na kwamba kuni za nyumbani za vijijini mara nyingi zilikuwa matawi makavu. Mkaa wa mijini ulikuwa na hesabu nyingine, kwa sababu huo ulihitaji miti mizima.

Agosti 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya na jadidifu vya nishati. Kipindi hicho Wizara ya Nishati ya Kenya, kwa fedha za Marekani, ilianza mradi wa nishati jadidifu uliojumuisha majiko. Wabunifu waliangalia jiko la ndoo la Thailand, ambalo ni ndoo ya bati iliyojazwa udongo wa kuchomwa ili joto lisitoke ubavuni. Majaribio ya kwanza hayakuwafurahisha wapishi. Udongo uliofunika ukuta wote hadi chini ulilifanya jiko kuwa zito, na ulipasuka. Majiko mengine yalikuwa membamba mno chini na yaliyumba wakati wa kusonga ugali.

Suluhisho lililofanikiwa lilikuwa na umbo la kiuno: pana juu, jembamba katikati, pana tena chini. Udongo wa kuchomwa uliwekwa nusu ya juu tu, mahali makaa yanapokaa, ukiwa na matundu yake ya kupitishia hewa. Uligandishwa kwenye bati kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto. Nusu ya chini ilibaki bati tupu la kupokea majivu, na upana wake ukalipa jiko uthabiti. Maxwell Kinyanjui alikuwa miongoni mwa waliohusika sana katika ubunifu huo, na KENGO, muungano wa mashirika ya nishati na mazingira, ulisaidia kuwafunza mafundi. Vipimo vilionyesha kwamba jiko hilo linaweza kupunguza matumizi ya mkaa kwa asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na jiko la bati. Likajulikana kama jiko la udongo la Kenya, na mtaani wengi waliliita jiko tu.

Mafanikio yake yalitokana na njia lilivyouzwa. Halikugawiwa bure wala halikuwekewa hataza. Mafundi wa Shauri Moyo, ambao walikuwa tayari na nyundo, mabati na wateja, walinunua vipande vya udongo kwa wafinyanzi na kuvivisha bati. Kila aliyetaka aliiga. Mwanzoni jiko liliuzwa ghali, lakini mafundi walipoongezeka bei ilishuka, na mkaa uliookolewa ukairudisha gharama ya jiko ndani ya miezi michache. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya nyumba za mijini nchini Kenya zilikuwa nalo. Ubaya wa uhuru huo ulikuwa ubora. Fundi mwenye haraka aliweza kupunguza saruji au kutumia udongo usiochomwa vizuri, na jiko lake likapasuka baada ya muda mfupi. Wanunuzi walijifunza kuligonga kwa kidole na kusikiliza mlio wake kabla ya kulipa.

Kwa vijijini, ambako watu wachache hununua mkaa, mradi uliohusisha chama cha Maendeleo ya Wanawake ulieneza kipande cha udongo cha kupikia kuni, kinachojengewa kwa tope mahali palepale palipokuwa na mafiga. Magharibi mwa Kenya vipande vya aina hiyo viliuzwa kwa jina la Upesi, na vikundi vya wanawake wafinyanzi vikapata kipato kwa kuvifinyanga.

Jiko la udongo la mkaa lilivuka mipaka haraka. Tanzania, jiko la namna hiyo, lililoitwa jiko bora, lilianza kutengenezwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980, na shirika la TaTEDO likaendeleza kazi ya kuwafunza mafundi katika mikoa. Uganda, ambako jiko la mkaa huitwa sigiri, na Rwanda, ambako huitwa imbabura, zilipata majiko yenye udongo yaliyolingana na sufuria na vyakula vyao, vikiwemo matoke na maharage. Wazungumzaji wa Kiswahili wa mashariki mwa Kongo huliita mbabula, na mkaa wenyewe wanauita makala. Huko biashara ya makala ilichukua sura ya vita. Hifadhi ya Virunga, inayopakana na mji wa Goma, imekatwa miti kwa miaka mingi chini ya ulinzi wa makundi yenye silaha. Masokwe wa milimani walipouawa hifadhini humo Julai 2007, uchunguzi uliyahusisha mauaji hayo na wanaonufaika na mkaa.

Marufuku na matokeo yake

Serikali zimejaribu mara kadhaa kuuzuia mkaa kwa amri. Januari 2006 Tanzania ilipiga marufuku biashara hiyo. Bei ilipanda, nyumba za mijini zikakosa mbadala, na baada ya takriban wiki mbili amri ikalegezwa. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikitumia tani zipatazo milioni moja za mkaa kwa mwaka, karibu nusu yake Dar es Salaam. Sekta yenye ukubwa huo, inayolisha wachomaji, madereva, madalali na wachuuzi, haikuweza kufungwa bila kitu kingine kuchukua nafasi yake.

Kenya ilipita njia tofauti. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 na Kanuni za Mkaa za mwaka 2009 zilihalalisha uchomaji unaofanywa na vyama vya wazalishaji vilivyosajiliwa. Kisha Februari 2018 ikatoka amri ya kusitisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Kaunti ya Kitui ilikuwa imezuia usafirishaji wa mkaa wiki chache kabla, na lori lililobeba mkaa likachomwa moto na umati. Amri ya kitaifa iliyokusudiwa kudumu miezi mitatu iliongezwa mara kwa mara na ikaondolewa mwaka 2023. Katika kipindi hicho bei ya gunia ilipanda, na baadhi ya wapishi wakahamia gesi.

Mtungi wa gesi na umeme

Gesi ya mitungi ilikuwepo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam kwa miongo mingi kama nishati ya wenye nafasi. Mtungi wa kilo 13 au 15, jiko la plati mbili, mpira na kidhibiti gesi vilihitaji fedha nyingi kwa mkupuo. Mabadiliko yalikuja na mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo kinachofungwa juu yake, ambao Kenya huitwa meko. Unabebeka, hauhitaji meza wala mpira, na huingia katika chumba kimoja kama jiko la bati lilivyoingia zamani. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 23.9 ya kaya zilitegemea gesi kama nishati kuu ya kupikia, ilhali mkaa ulikuwa umebaki na asilimia 11.6 na mafuta ya taa 7.8. Kuni zilishika nafasi ya kwanza kwa asilimia 55.1.

Kodi iliendelea kuamua mengi. Kenya iliirudishia gesi ya kupikia kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 mnamo Julai 2021, ikaipunguza hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikaiondoa mwaka 2023. Kwa upande mwingine, kampuni zilianza kufunga mita janja kwenye mitungi, ili mteja alipie kwa simu kiasi kidogo cha gesi kwa siku. Huu ni mtindo uleule wa kopo la mkaa, ukiwa umehamia kwenye chuma na simu.

Suala la afya liliipa siasa ya jiko uzito mpya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Tanzania ilizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, baada ya kuziagiza taasisi zinazolisha watu wengi kuacha kuni na mkaa. Siku chache baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia Afrika, ambako ahadi za dola bilioni 2.2 zilitolewa. Majiko ya umeme yanayopika kwa mgandamizo yameingia pia, na maharage yaliyohitaji saa kadhaa motoni huiva humo kwa umeme kidogo. Hata hivyo hutegemea umeme usiokatika na bei ya uniti isiyomtisha mpishi.

Katika nyumba nyingi za mijini leo kuna jiko zaidi ya moja. Chai na mboga huandaliwa kwa gesi, maharage, makande au githeri huchemshwa kwa mkaa ili gesi isiishe, na kuni huwashwa uani siku ya arusi au msiba. Historia hii inaonyesha kwamba jiko lililofaulu mjini aghalabu lilitimiza masharti matatu: lilitengenezwa au kurekebishwa na fundi wa mtaani, lilistahimili mapishi ya mahali, na nishati yake iliuzwa kwa kipimo kinacholingana na kipato cha siku. Mpango wowote wa nishati safi utakaopuuza sharti hilo la tatu utazipatia nyumba mitungi mizuri inayokaa tupu pembeni huku mkaa ukiendelea kupimwa kwa kopo.